Kifurushi cha kufumia sungura kwa kroshia: uzi mzuri, maelekezo mabovu

Katika maduka ya nyuzi na vifaa vya ushonaji hapa Mbeya mjini, hasa upande wa Mwanjelwa, siku hizi vinauzwa vifurushi vya kufumia midoli midogo ya wanyama kwa kroshia. Kuna sungura, dubu, tembo, kuku na wengineo, kila mmoja katika mfuko wake wa plastiki wenye zipu, na ndani ya mfuko mna vitu vyote ambavyo mfumaji anahitaji ili aanze na kumaliza mnyama mmoja anayetosha kushikwa kwa mikono miwili ya mtoto. Nilinunua cha sungura kwa shilingi 28,000, nikamfuma nyumbani tangu pua hadi mkia kwa kuifuata karatasi iliyomo, kisha nikafuma wa pili kwa namna ninayoiona kuwa bora zaidi. Hukumu yangu naitoa mapema: anayejua kushika kroshia atapata thamani ya fedha yake, bali anayeanza kabisa asikinunue kifurushi hiki bila kuwa na mtu wa kukaa naye, kwa sababu karatasi ya maelekezo ina makosa yatakayomkatisha tamaa kabla hata kichwa hakijafungwa.

Ndani ya mfuko nilikuta mpira mkubwa wa uzi wa kijivu, mipira midogo ya uzi mweupe na wa waridi, kroshia ya milimita 2.5 yenye mpini wa mpira laini, sindano butu ya kushonea viungo, vibanio vidogo vya plastiki vya kuwekea alama, macho mawili meusi ya milimita 8, mfuko mdogo wa nyuzinyuzi za polista za kujazia, na karatasi iliyokunjwa mara kadhaa. Hakuna kilichopungua katika orodha iliyochapishwa nyuma ya mfuko.

Sifa kubwa ya kifurushi hiki, na ambayo inastahili kuelezwa kwa kirefu, ni kwamba aliyekipanga ameoanisha uzi na kroshia kwa usahihi. Wengi wetu tuliofundishwa kufuma na mama zetu, au katika vipindi vya sayansi kimu shuleni, tulianzia kwenye vitambaa vya makochi na vya meza, na uzuri wa kitambaa cha namna hiyo uko katika matundu yake: maua, majani na nyota vinaonekana kwa sababu pameachwa nafasi. Mdoli unataka kinyume chake. Ufumaji wake unapaswa kubanana kama tofali na tofali, kwa kuwa kila tundu litakaloachwa litapitisha ujazo, na ujazo ukianza kuchungulia nje, mtoto ataanza kuuvuta kwa vidole na baadaye kwa meno. Sasa, uzi unaopatikana kwa wingi katika mji wetu, uliopo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na wenye usiku wa Juni na Julai unaoshuka chini ya nyuzi 10, ni akriliki nene ya sweta, kofia na soksi za watoto. Lebo ya uzi huo hupendekeza kroshia kubwa, na pendekezo hilo ni sahihi kwa vazi linalopaswa kulegea na kufuata mwili. Mtu anayelifuata kwa mdoli hupata sungura aliyejaa madirisha. Kanuni ya wafumaji wa midoli ni kushuka ukubwa mmoja au miwili chini ya ule ulioandikwa kwenye lebo, na ndivyo kifurushi hiki kilivyofanya: lebo ya uzi inataja milimita 3 hadi 3.5, lakini kroshia iliyotolewa ni ya 2.5.

Matokeo yake nimeyapima kwa namna rahisi ambayo kila msomaji anaweza kuirudia. Baada ya kufuma kichwa na kukijaza, nilikielekeza kwenye mwanga wa dirisha, nikakinyoosha kwa vidole gumba viwili pale ambapo mafundo yamevutika zaidi, yaani kwenye mashavu. Ujazo haukuonekana. Uzi wenyewe, ambao kwa mujibu wa lebo ni mchanganyiko wa pamba na akriliki, haukutoa manyoya hata baada ya kufumuliwa na kufumwa upya mahali palepale, jambo ambalo uzi mwingi wa bei nafuu hauwezi kulistahimili. Una kasoro moja: umesokotwa kwa ulegevu, kwa hiyo ncha ya kroshia huingia katikati ya uzi badala ya kuuchukua wote, na mfumaji asipokuwa makini huacha nyuzi ndogo zikining'inia upande wa nje. Mwenye macho dhaifu afume mchana, karibu na mlango. Mpini wa mpira unasaidia sana, kwani kubana mafundo kwa kroshia nyembamba ya chuma kitupu huumiza kidole cha shahada baada ya muda mfupi.

Karatasi ya maelekezo ndiyo inayoshusha kifurushi hiki.

Mdoli wa aina hii, ambao mtindo wake umeenea duniani kutoka Japani kwa jina la amigurumi, hufumwa karibu wote kwa fundo moja tu, lile fupi: unaingiza kroshia, unavuta uzi, unabaki na vitanzi viwili kwenye kroshia, kisha unapitisha uzi katika vyote viwili kwa pamoja. Kazi haianzii kwenye cheni, yaani mlolongo wa vitanzi, kama ilivyo kwa kitambaa. Inaanzia kwenye pete ya uzi ambayo mafundo 6 hufumwa ndani yake, kisha ncha huvutwa hadi tundu la katikati linafungika kabisa. Hapa karatasi inastahili pongezi, kwa sababu picha zake za kutengeneza pete ni kubwa, zinaonyesha mkono wa kushoto na wa kulia, na zinaeleweka hata kwa asiyesoma neno lolote. Baada ya pete, mizunguko hufuatana bila kuunganishwa, ndiyo maana kibanio cha alama huwekwa kwenye fundo la kwanza la kila mzunguko, na kila mzunguko huongezwa mafundo 6: kutoka 6 hadi 12, 18, 24, 30, 36. Kichwa kikishafikia upana unaotakiwa, mizunguko kadhaa hufumwa bila kuongeza, halafu hupunguzwa kwa hesabu ileile kinyumenyume.

Hesabu hiyo haina siri yoyote, na kwa hiyo kosa lake halina udhuru. Karatasi inaelekeza kwamba katika mzunguko wa tano, mfumaji afume mafundo 4 kisha aongeze, yaani afume mafundo mawili, katika fundo linalofuata, na arudie hivyo mara 6. Mpangilio huo unahitaji mafundo 30 katika mzunguko uliotangulia, ilhali kwa maelekezo ya karatasi yenyewe mzunguko wa nne una mafundo 24. Kinachotakiwa ni mafundo 3 na ongezo, mara 6, ili 24 yawe 30. Mfumaji mzoefu hulirekebisha bila kusimama. Nilimpa karatasi hiyo binti wa jirani, mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye hakuwahi kushika kroshia, ili nione itamfikisha wapi peke yake. Alifuma pete vizuri, akapanda hadi mzunguko wa nne kwa utulivu, na hapo kwenye wa tano akakwama. Akafumua, akarudia, akakwama tena, na akahitimisha kwamba yeye ndiye asiyejua kuhesabu. Hilo liliniudhi kuliko jambo jingine lolote katika kifurushi hiki, kwa kuwa mtoto yule alihesabu sawasawa na karatasi ndiyo iliyokosea.

Kosa la pili ni zito zaidi na halionekani upesi. Karatasi imeandikwa kwa Kichina na Kiingereza pekee, na katika Kiingereza mafundo yametajwa kwa vifupisho. Kuna mifumo miwili ya vifupisho hivyo, wa Marekani na wa Uingereza, na herufi zilezile humaanisha mafundo tofauti. Fundo fupi la midoli Wamarekani huliandika "sc", na Waingereza huliandika "dc". Lakini kwa Mmarekani "dc" ni fundo refu, ambalo uzi huzungushwa kwanza kwenye kroshia kabla ya kuiingiza. Kurasa za kichwa na mwili za karatasi hii zimetumia "sc", kwa hiyo msomaji anaamini, na ana haki ya kuamini, kwamba anafuata mfumo wa Marekani. Akifika kwenye masikio anakutana na "dc" bila maelezo yoyote. Akifuma fundo refu, sikio linatoka refu kupita kiasi, limelegea na lina matundu, wakati picha iliyo kando yake inaonyesha mafundo mafupi yaliyobanana. Ni dhahiri kwamba maelekezo yamekusanywa kutoka sehemu mbili na hakuna aliyeyafuma kabla ya kuyachapisha. Mwenye karatasi hii mkononi asome kila "dc" kuwa fundo fupi, na sungura wake atafanana na wa kwenye picha.

Karatasi pia haifundishi namna bora ya kupunguza. Inamwelekeza mfumaji kukusanya mafundo mawili kwa kuingiza kroshia katika fundo zima, na namna hiyo huacha uvimbe na kitundu pembeni yake, vyote vikionekana wazi shingoni na chini ya kidevu. Wafumaji wa midoli hupitisha kroshia katika vitanzi vya mbele pekee vya mafundo mawili yanayofuatana, kisha huvuta uzi katika vyote kwa pamoja na kumalizia kama fundo la kawaida. Nilifuma sungura wa pili kwa namna hii, na ukiwaweka wawili hao kando kwa kando, tofauti inaonekana kutoka upande wa pili wa chumba.

Kijana aliyeniuzia alikuwa na adabu na alinifungulia mfuko nione kilichomo kabla sijalipa, jambo ambalo maduka mengi hukataa. Nilipomuuliza kama kuna mtu wa kumwelekeza mnunuzi akishindwa, alinijibu: "Mama, karatasi imo humo ndani, ukiifuata hutapotea." Simlaumu, kwani yeye anauza vitu vya aina nyingi na hafumi. Lakini huduma ninayoitamani katika duka hilo nimeikuta kwa mama mmoja mwenye kibanda cha nyuzi upande wa Sido, nilikompeleka yule binti baadaye. Tulipomwamkia, alituitikia na kumvuta binti kwenye kigoda kilichokuwa kando yake, akaitazama karatasi kidogo na kuirudisha. "Hii iweke mkobani, mwanangu," alimwambia. "Tazama mikono yangu." Alimfumia mizunguko miwili polepole huku akihesabu kwa sauti, kisha akamwachia kroshia yeye mwenyewe. Hakudai malipo yoyote, ingawa uzi tuliokuwa nao haukutoka kwake, na tulipoondoka tulinunua kwake kwa hiari. Duka linalouza vifurushi hivi lingeweza kumlipa mfumaji mmoja wa namna hiyo akae dukani hata siku moja kwa wiki, na vifurushi vingi zaidi vingenunuliwa.

Sasa niseme kuhusu macho, kwa sababu jambo hili linahusu usalama. Yale macho ya plastiki yana mguu wenye mistari unaopenya kati ya mafundo, na kwa ndani husukumiwa kibanio cha duara ambacho kikishaingia hakitoki. Kwa mtoto mkubwa ni salama vya kutosha ikiwa ufumaji umebanana. Kwa mtoto mchanga si salama, kwa kuwa anayetafuna kichwa cha mdoli kila siku hulegeza mafundo yanayolizunguka jicho, na kibanio kinaweza kupita pamoja na jicho lenyewe. Nchini Marekani, vitu vya kuchezea vya watoto walio chini ya miaka 3 hupimwa kwa chombo cha duara chenye upana wa milimita 31.7, na kitu chochote kinachoingia chote ndani yake huhesabiwa kuwa kinaweza kumkaba mtoto. Jicho la milimita 8 linaingia bila kugusa ukingo. Karatasi ya kifurushi haikuandika onyo lolote, na picha ya mbele ya mfuko inamwonyesha mtoto asiyezidi mwaka mmoja akiwa amemweka sungura mdomoni. Picha hiyo ingepaswa kuondolewa. Sungura niliyemfumia mtoto wa dada yangu aliyeko Tukuyu nilimtarizi macho kwa uzi mweusi, nikipitisha sindano mara nyingi mahali palepale na kuficha ncha ndani ya kichwa, na sura yake imekuwa ya upole kuliko ya yule mwenye macho ya plastiki.

Ujazo uliotolewa ni wa aina nzuri ila hautoshi. Ulijaza kichwa na nusu ya mwili, na mwili uliojazwa nusu huinama shingoni muda si mrefu. Nilinunua mto wa bei ndogo wenye ujazo uleule wa polista, nikaufumua, nao ulitosha kwa midoli mingi, kwa gharama ndogo kuliko kutafuta vifuko vidogo vya ujazo. Nawashauri wenzangu wasitumie pamba ya kawaida, ingawa inapatikana kwa urahisi, wala vipande vya vitambaa kutoka kwa mafundi cherehani. Vipande vya vitambaa hufanya mabonge yanayoonekana nje. Pamba hunywa maji na kuyashikilia, na katika nyanda zetu, ambako mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na ambako wilaya ya Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka sehemu nyingi, mdoli uliojazwa pamba ukishafuliwa hubaki mbichi kwa ndani na kuanza kunuka ilhali kwa nje umekauka. Nyuzi za polista hazinywi maji. Nilimfua sungura kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande, nikamkamua kwa kumviringisha ndani ya taulo, nikamlaza kwenye wavu upande wenye upepo ili uzito wa maji usimvute masikio. Rangi ya waridi haikuchuja, na umbo halikubadilika.

Kuhusu kuunganisha viungo, sindano iliyotolewa ina tundu kubwa linalopitisha uzi kwa urahisi, na maelekezo ya sehemu hii hayana kosa, japokuwa ni mafupi mno. Viungo vibanwe kwa pini kwanza, mdoli uketishwe mezani na kutazamwa kutoka mbele na kutoka kando, ndipo ushonaji uanze. Masikio yaliyopishana kwa mzunguko mmoja tu humpa sungura sura ya kuchanganyikiwa. Aliyewahi kufika Neema Crafts mjini Iringa, kituo kilichoanzishwa mwaka 2003 na ambacho mafundi wake ni watu wenye ulemavu, anajua jinsi kazi ya mkono inavyoheshimika inapomaliziwa vizuri, na umaliziaji wa mdoli uko hapa kwenye viungo.

Kwa bei, mtu akinunua uzi, kroshia na ujazo mmoja mmoja katika vibanda, atatumia takriban nusu ya fedha niliyolipa, lakini hatapata kwa urahisi uzi huu wa mchanganyiko wala kroshia yenye mpini mzuri wa ukubwa huo. Kroshia hiyo itabaki nawe kwa miaka, na kwangu mimi ndiyo inayohalalisha sehemu kubwa ya bei. Kifurushi cha pili cha aina hiyohiyo sioni haja ya kukinunua, maana ukishafuma sungura mmoja unakuwa umejifunza maumbo yote: tufe la kichwa, yai la mwili na mabomba ya mikono na miguu. Kinachobadilika kati ya dubu na tembo ni masikio, pua na rangi.

Ndiyo maana ninatamani waagizaji wa vifurushi hivi watafute mchoro wa mnyama wa kwetu. Kipunji, nyani wa misitu ya Mlima Rungwe na Kitulo aliyetambulishwa kwa wanasayansi mwaka 2005 na kupewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, mwaka uliofuata, anafaa kabisa kwa maumbo hayohayo, na watoto wengi wa Mbeya hawajawahi kumwona hata kwa picha. Nimeanza kumfuma kwa hesabu za sungura. Kichwa ni tufe lilelile la mafundo 36, uso unafumwa kando kwa uzi mweusi na kushonewa juu yake, na kishungi cha utosini ni vipande vya uzi vilivyofungwa kimoja kimoja kwenye mafundo, kisha vikachanuliwa kwa sindano. Mkia wake mrefu unaanza kwa pete ya mafundo 6 ya uzi mweupe, kwa kuwa ncha yake ni nyeupe, halafu unageuzwa kuwa wa kahawia na kuendelea kwa mafundo yaleyale 6 bila kuongeza. Uzi mweupe uliobaki kwenye kifurushi unatosha ncha hiyo na tumbo, kwa hiyo cha kununua ni mpira mmoja wa kahawia na kipande cha mweusi, mradi viwe vya unene uleule ili kroshia ya milimita 2.5 iendelee kufaa.